Wimbi: Nafaka iliyotokana na kromosomu maradufu

WAKULIMA wa Busibwabo na maeneo mengine ya Busia, hadi Malaba, walirithi kilimo cha wimbi kutoka kwa mababu zao. Ni wachache wanaofahamu kwamba nafaka hii, inayoitwa pia ulezi, ilitokana na tukio la nadra: kuongezeka maradufu kwa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi.

Seli ya wimbi ina kromosomu 36 zilizotoka kwa jamii mbili za nyasi. Jamii moja ni ya Eleusine indica, gugu la kando ya barabara lenye kromosomu 18. Ya pili haijatambuliwa. Chotara wa namna hiyo kwa kawaida huwa tasa, kwani kromosomu zake hukosa wenza. Zinapojirudufu, kila moja hupata mwenzake na mmea huzaa mbegu. Ngano ya mkate, yenye kromosomu 42, ilipitia njia hiyo mara mbili.

Mabadiliko hayo huathiri umbo la mmea. Seli hupanuka, majani huwa manene na punje hukua. Hata hivyo, kromosomu za mmea usio chotara zikirudufishwa, mara nyingi uzazi hupungua. Rai ya Ulaya iliyofanyiwa hivyo hutoa punje kubwa, lakini masuke yake huwa na mapengo.

Aidha, tofauti ya idadi huwa kikwazo. Wimbi ukichanganywa na gugu lile, mche hupata kromosomu 27 na huwa tasa. Kwa hiyo watafiti, wakiwemo wa kituo cha KALRO cha Alupe, Busia, hutegemea zaidi kuchanganya wimbi kwa wimbi, kazi ngumu kwa sababu maua yake ni madogo mno.

Kwa mahindi, lengo ni tofauti. Mwaka 2013, CIMMYT na KARI zilifungua kituo huko Kiboko, Makueni, ambapo miche yenye kromosomu 10 hutiwa dawa ya kolchisini ili ifikie 20 za kawaida. Punje haziongezeki ukubwa. Faida ni muda: mbegu mama halisi hupatikana kwa takriban misimu miwili badala ya sita au zaidi.

Mkulima anayepanda mahindi chotara hulazimika kununua mbegu kila msimu. Wimbi hujichavusha wenyewe, hivyo anaweza kuchagua masuke bora shambani mwake na kuyahifadhi kwa msimu ujao.