Bakubwa wa Union Minière na Kiswahili cha kazi

Ba ndugu, sisi tuliorudia tunajua ugumu wa kuanza kazi mahali pageni. Tuangalie bazungu waliokuja kuongoza Union Minière du Haut-Katanga, kampani iliyoundwa 1906.

Reli ilifika Elisabethville 1910 kutoka kusini, na bakubwa wengi wa kwanza walisema Kiingereza. Kisha Wabelgiji wakataka kupunguza nguvu ya Waingereza, na pole pole Kiswahili kikawa luga ya kazi. Mukubwa mupya alipashwa kujua: leta, beba, chimba, fanya mbio. Ile ilikuwa luga ya kuamuru.

Tangu 1928 kampani ilitafuta wafanyakazi wa kukaa na bibi na watoto, kwa kontra ya miaka 3. Mutu mwenye jamaa karibu hakimbie kazi.

Lakini Desemba 1941 wafanyakazi waligoma juu ya mishahara. Askari wakapiga risasi pale Elisabethville, na makumi ya watu wakafa. Bakubwa walijua maneno, kusikiliza, hapana.

Basi, tukipokea ndugu aliyerudia, tuanze na maswali: Unaonaje? Shida yako iko wapi?