Sarafu zilizonunua jangwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, karani wa benki aitwaye Haim Kleinman aliweka kisanduku cha michango ofisini kwake katika mji mdogo wa Nadvorna, Galicia, ambako leo ni Ukraine. Kisha akaliandikia gazeti la Die Welt la Vienna, akiwahimiza Wayahudi wenzake kwingineko wafanye vivyo hivyo. Wakamsikia. Katika miaka iliyofuata, visanduku vya bati vya rangi ya buluu vikaenea majumbani, madukani na mashuleni, Warsaw hadi New York. Pesa zilikwenda kwa Mfuko wa Taifa wa Kiyahudi, ulioundwa mjini Basel Desemba 1901 ili kununua ardhi Palestina. Ardhi iliyonunuliwa haikuuzwa tena. Ilikodishwa, kwa kawaida kwa miaka 49.

Wasomaji wa Eldoret wana sababu yao ya kuifuata habari hii. Mwaka 1903 Uingereza ilijitolea kuwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao, eneo la Uasin Gishu. Wajumbe wao walikuja kulikagua, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukalikataa. Wanandi na Wamasai waliokuwa wakichunga huko hakuna aliyewauliza.

Wakabaki na Palestina. Kusini mwake kuna jangwa la Negev, ambalo Waarabu huliita Naqab, nalo ni zaidi ya nusu ya eneo la Israeli ya leo. Beersheba hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Ukizidi kwenda kusini, hata hiyo huisikii. Kwa mchangiaji wa Ulaya hilo lilikuwa jangwa tupu. Lakini Wabedui walikuwa wakilima shayiri na kuchunga mifugo humo, na kabla ya 1948 idadi yao inakadiriwa kuwa ilipita 65,000.

Waingereza, waliokuwa wakiitawala Palestina, walibana ununuzi wa ardhi kwa kanuni za mwaka 1940. Mwaka 1943 Wazayuni walianzisha vituo vitatu vya majaribio kwenye ardhi waliyokwisha kuipata: Gvulot, Revivim na Beit Eshel. Kazi ilikuwa kupima mvua na udongo, na kuona kama binadamu angeweza kukaa hapo akala alichokilima.

Majaribio hayo yalipitwa na siasa. Julai 1946 mpango wa Waingereza na Wamarekani uliiacha Negev nje ya eneo la Wayahudi. Wazayuni wakajibu kwa vitendo. Usiku wa kuamkia Oktoba 6, mara baada ya mfungo wa Siku ya Upatanisho, malori yalibeba watu, mbao na uzio, na kulipokucha vijiji 11 vipya vilikuwa vimesimama. Mwaka uliofuata, Umoja wa Mataifa ulipopendekeza kuigawa Palestina, sehemu kubwa ya Negev iliwekwa upande wa dola ya Kiyahudi. Sioni namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Michango iliyokusanywa kwa jina la kilimo ilikuwa imeshachora mpaka.

Maji yalikuja mwaka 1947, na mabomba yenyewe yana historia. Yalikuwa ya inchi 6, yamenunuliwa Uingereza baada ya kutumika London kuzima moto wakati ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiushambulia mji huo. Mhandisi wa mradi huo, Simcha Blass, baadaye alibuni umwagiliaji wa matone. Hatzerim, mojawapo ya vile vijiji 11, kilikuwa na udongo wenye chumvi uliowakatisha tamaa wakulima wake hadi wakafikiria kuhama. Mwaka 1965 kikaanzisha kampuni ya kutengeneza mipira ya matone ya Blass, teknolojia ambayo leo utaikuta hata kwenye vitalunyumba vya Naivasha.

Si vituo vyote vilivyodumu. Beit Eshel kilipigwa mizinga na jeshi la Misri katika vita vya mwaka 1948, Israeli ilipoundwa, na wakazi wake wakahamia kaskazini.

Walioumia zaidi ni Wabedui. Baada ya vita hivyo walibaki Negev kama 11,000. Wakakusanywa katika eneo moja chini ya utawala wa kijeshi uliodumu hadi 1966, kisha wakajengewa miji ya serikali, ukiwemo Rahat. Vijiji vingi walivyokataa kuviacha havitambuliwi, na kijiji kisichotambuliwa hakiungiwi umeme wala maji.

Michango haijakoma. Tangu miaka ya 2000 Wayahudi wa Marekani wanagharimia makazi mapya ya Negev na bustani ya mtoni Beersheba. Mfuko wenyewe unapanda misitu, na msitu mmoja, uliochangiwa na kituo cha televisheni cha Kikristo, uko karibu na kijiji cha Wabedui cha al-Araqib. Kijiji hicho kilibomolewa Julai 2010, na tangu hapo kimebomolewa na kujengwa tena zaidi ya mara 200. Ukoo wa al-Uqbi, unaodai ardhi ya eneo hilo, ulifika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2015 majaji waliitupa rufaa yao, wakisema ushahidi wa umiliki hautoshi.