Santuri za Pwani na Maduka Yaliyozizaa

Katika historia ya muziki wa pwani yetu waimbaji wamesifiwa, na wamestahiki sifa hizo. Watunzi wa mashairi nao wametajwa, ingawa si kwa kadiri ya haki yao. Lakini wenye maduka, watu waliokaa nyuma ya kaunta baina ya masanduku ya santuri, wakatoa fedha yao wenyewe ili sauti ya mwimbaji wa Lamu, wa Tanga au wa Morogoro itiwe katika sahani nyeusi na kusikika mbali na alikozaliwa, hao hawajapata katika vitabu vyetu hata aya moja inayolingana na kazi yao. Habari yao ni ndefu kuliko makala moja, na kwa hiyo nitashika sehemu yake ninayoiona kuwa ndiyo kiini.

Mwanzo wa habari hii haukuwa wa wenye maduka. Ulikuwa wa kampuni kubwa ya Kiingereza iliyouza santuri kwa chapa ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa aliyeinamisha kichwa akisikiliza pembe, ambayo tangu mwaka 1908 ilikuwa na kiwanda chake Sealdah, mjini Calcutta. Kabla kampuni hiyo haijaanza kurekodi kwa Kiswahili, aliyekuwa na santuri nyumbani kwake Unguja au Mombasa alisikiliza nyimbo za Misri na za Bara Hindi, maana nyimbo za lugha yake hazikuwamo sokoni. Taarabu yenyewe, iliyolelewa katika jumba la Sayyid Barghash aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wa daraja, na mtu wa kawaida wa mtaa wa Ng'ambo aliisikia kwa mbali, kama alibahatika kuisikia.

Mwaka 1928 mambo yaligeuka. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye katika ujana wake alitembeza vyungu vya udongo akiviuza, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, na huko sauti yake ikatiwa katika santuri kwa lugha ya Kiswahili. Shaaban Robert ameyaandika maisha ya bibi huyu katika Wasifu wa Siti binti Saad kwa taadhima inayomfaa, wala sina haja ya kuyarudia. Ninachotaka kukitazama ni kile kitu chenyewe kilichorudi katika meli, yaani sahani.

Sahani ya wakati ule ilitengenezwa kwa lakiri, gundi inayotolewa na wadudu wa mitini huko Bara Hindi, ikachanganywa na unga wa mawe. Ilikuwa nzito mkononi, na ikiponyoka ikaanguka sakafuni ilivunjika vipande visivyounganika. Upana wake ulikuwa inchi 10. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, kwa nguvu ya utepe wa chuma uliokazwa kwa mkono kabla ya kuanza, na sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila upande mmoja ulipokwisha, la sivyo ingekwangua mifereji na kuiharibu. Na katika upande huo mmoja zilienea dakika 3 tu, au zaidi kidogo. Hapa ndipo penye jambo kubwa ambalo wasikilizaji wa leo hawalihisi. Katika hafla ya usiku, mbele ya watu waliokaa na kutulia, wimbo mmoja wa taarabu ungeweza kuchukua robo saa na kupita, kwa kuwa mwimbaji huurudia mshororo unaowachoma watu, wapigaji wa udi na fidla hujibizana baina ya beti, na wenye kutuza husimama wakaenda mbele na kurudi. Chumbani mwa kampuni hayo yote hayakuwa na nafasi. Mwimbaji alilazimika kuchagua beti zipi ziimbwe na zipi ziachwe, na kuutoa moyo wa wimbo kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Kwa hiyo mtu anayezisikiliza leo santuri za Siti akadhani kwamba ndivyo taarabu ilivyokuwa mwaka 1928 anasikiliza mukhtasari, naye hana budi kuukadiria uzuri wa kitabu kizima kwa huo mukhtasari.

Hata hivyo mukhtasari huo ulifika mahali ambapo kitabu kizima kisingefika. Aliyekuwa na mashine ya santuri aliiweka barazani, na jirani walikusanyika pasipo kualikwa. Mwenye mkahawa aliyeweza kununua moja aliwaona wateja wakikaa mpaka usiku. Na wanawake waliokaa tawa, ambao kwenda penye hafla za wanaume kulikuwa kwao mwiko, walimsikia mwanamke mwenzao akiimba ndani ya nyumba zao wenyewe. Sifa ya Siti ikaenea kwa sahani kuliko ilivyoweza kuenea kwa safari. Kampuni nyingine, Columbia, Odeon na Pathé, zilipoona faida hiyo zikaja nazo kuwatafuta waimbaji wa mwambao, kisha Vita Kuu ya Pili ikakatiza biashara yote.

Sasa nafika kwa wenye maduka.

Baada ya vita Nairobi ilipata studio zake, na chapa kama Jambo zikaanza kuonekana sokoni; lakini kwa watu wa pwani duka lililokuwa na maana kuliko yote lilikuwa Mombasa, nalo ni la Assanand & Sons, nyumba ya biashara ya Kihindi iliyotoa santuri zake kwa chapa ya Mzuri. Yapasa kueleza kwa nini duka liliweza kufanya ambalo kampuni ya ng'ambo haikuliweza. Mjumbe wa kampuni alifika kwa meli, akarekodi kwa majuma machache, akaondoka na alichokipata, na habari ya nini kimependwa ikamfikia baada ya miezi kwa hesabu ya mauzo. Mwenye duka alikuwapo kila siku. Alimwona mteja akiingia na kuuliza wimbo aliousikia arusini juzi. Alijua Waswahili wa mji wanataka nini na wasafiri wa bara wanachukua nini. Aliweza kumwita mwimbaji leo, kumrekodi kesho, kutengenezesha sahani chache za kujaribia soko, na kuagiza nyingine zikitoka. Alifuata faida, sikatai, na malipo ya mwimbaji aghalabu yalikuwa fungu moja la fedha alilopewa mkononi, ambalo halikuongezeka hata sahani zikiuzwa kwa maelfu. Dhuluma hiyo ilikuwapo, na si haki kuifunika kwa sababu tunazipenda nyimbo. Lakini pasipo duka nyimbo zenyewe zingekwisha na usiku wa hafla.

Tazama tu waliopita katika chapa ile ya Mzuri. Cuban Marimba ya Morogoro, bendi ya Salum Abdallah, ambayo jina lake linatangaza mapenzi waliyokuwa nayo vijana wa zama hizo kwa santuri za Cuba, ilitoa nyimbo zake humo kabla Salum hajafariki mwaka 1965. Black Star na Lucky Star, vyama vya taarabu vya Tanga vilivyotia magitaa mahali ambapo Unguja ilishikilia fidla na kanuni, vilijulikana pwani nzima kwa sahani ndogo. Zein l'Abdin wa Lamu, fundi wa udi ambaye sijamsikia aliyempita katika mwambao huu, na Juma Bhalo wa Mombasa, aliyeziimba tungo za ndugu yake Ahmad Nassir kwa mahadhi yaliyokaribia filamu za Kihindi, walikuwa na wafuasi walioshindana kwa maneno makali. Kampuni iliyokaa London isingewakusanya watu hawa wote. Mtu aliyekaa Mombasa aliwakusanya kwa sababu walipita mbele ya mlango wake.

Sahani nazo zilikuwa zimebadilika. Lakiri ilitoka, plastiki ikaingia. Ile nzito ya inchi 10 ikaiachia nafasi ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, nyepesi, isiyovunjika ovyo. Dakika hazikuongezeka sana, na bendi za magitaa zilihitaji dakika, kwa kuwa wimbo wao una sehemu mbili zenye tabia mbalimbali: kwanza mashairi huimbwa kwa utulivu, kisha sauti hunyamaza, mpigo huongezeka kasi, na magitaa huachiwa uwanja ili watu wacheze. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuukata wimbo pande mbili. Upande wa kwanza ulichukua maneno na wa pili ukachukua dansi, na mpigaji santuri katika ukumbi alipaswa kuigeuza sahani kwa wepesi kabla wachezaji hawajapoa. Aliyekuwa na nakala mbili na mashine mbili aliiweka ya pili tayari, akaidondosha sindano yake pale pale ya kwanza ilipotoweka, na watu wakacheza pasipo kujua kwamba wimbo ulikuwa umekatwa.

Bara nako maduka yalizaa chapa. Kericho, katika mji wa mashamba ya chai, duka la Chandarana lilitoa muziki wa benga wa Wajaluo na nyimbo za makabila ya jirani; Nairobi, katika River Road na mitaa inayoizunguka, Oluoch Kanindo alisimamia chapa zake, na Joseph Kamaru, mwimbaji mwenyewe, akawa na maduka yake ya santuri, jambo ninalolihesabu kuwa kubwa, maana ndipo mwimbaji alipokaa upande wa pili wa kaunta.

Tanzania ilikuwa na mkasa wake. Bendi zilikuwa nyingi na bora, na Radio Tanzania ilizirekodi kwa bidii katika studio zake Dar es Salaam. Lakini kiwanda cha kutengeneza santuri hakikuwapo nchini, na kanda zilizokusudiwa kuwa sahani zilipelekwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa, njia hiyo ikawa ngumu mno. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, alikuwa miongoni mwa waliofuata soko la santuri Kenya, na huko Mombasa ndiko alikofia kwa ajali ya gari mwezi wa Januari 1979. Nyimbo nyingi za wenzake hazikupata kuwa santuri kamwe. Zilibaki katika kanda za redio, zikasikika hewani kila aliyezitunza alipopenda, na msikilizaji hakuweza kuzinunua.

Kaseti ilipoingia, santuri haikuweza kushindana nayo. Mjini Mombasa duka la Mbwana Radio Service liliuza taarabu kwa kaseti, zikiwamo zilizorekodiwa arusini zenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu 1928 wimbo uliweza kusikika kwa urefu wake, na vigelegele vyake, na marudio yake yote. Katika hili kaseti iliitendea taarabu haki kuliko sahani ilivyoitendea. Lakini mwenye kaseti moja alitoa kumi nyumbani kwake, na anayewekeza fedha katika santuri hawezi kushindana na mtu asiyewekeza chochote. Hata miaka ya 1980 ilipokuwa ikiisha, sahani mpya ilikuwa nadra madukani.

Waliozirudia ni wakusanyaji. John Storm Roberts, Mwingereza aliyewahi kuandika habari za magazeti Nairobi katika miaka ya 1960, alikusanya santuri za Mombasa na mwaka 1983 akazitoa huko Marekani, kwa chapa yake ndogo ya Original Music, katika mkusanyo uitwao Songs the Swahili Sing. Werner Graebner, Mjerumani, alianza mwaka 2005 kutoa mfululizo wa Zanzibara huko Ufaransa. Na mwaka 2013 Soundway ya London ikatoa mkusanyo wa Kenya Special, ambao umewafanya wapigaji santuri wa Ulaya wasafiri mpaka kwenye vibanda vya soko la Kenyatta, Nairobi, kupekua sahani za inchi 7. Nimesikia lawama kwamba watu hawa wanatuhamishia mali. Lawama hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama sisi tungalizitafuta kwanza. Na mimi ninawashukuru, kwa sababu kazi yao imezirudisha sauti masikioni mwa vijana waliozaliwa baada ya santuri kufa.

Nina ombi moja kwao na kwa vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaozipiga sahani hizo kumbini usiku. Kwa kutaka watu wacheze upesi, wengi wao huanzia upande wa pili, penye magitaa, na upande wa kwanza hauguswi. Wauanzie huo wa kwanza. Ndiko alikoimba mwimbaji aliyelipwa fungu moja la fedha kwa sauti yake, na wachezaji wakisubiri dakika zake 3 watajua wanachezea jambo gani magitaa yatakapoingia.