Gunia na Mpaka wa Wilaya

Msomaji, ukipita leo Gikomba au Kariobangi utaona magunia ya mahindi yamesimama wazi mbele ya maduka, na karibu yake mashine ya posho inanguruma. Pengine hutayajali, kwani ni jambo la kila siku. Lakini kwa muda wa miaka 50 hivi, gunia la namna hiyo halikuruhusiwa kufika hapo kutoka wilaya nyingine bila kibali cha Serikali.

Sheria hiyo ilizaliwa na njaa. Katika mwaka 1942 mvua zilikosekana, na wakati ule ulikuwa wa vita: askari walihitaji chakula, na mateka wa Kitaliano vilevile. Serikali ya Kikoloni ikaishika biashara ya mahindi mkononi mwake. Walowezi wa Kizungu waliahidiwa bei ya hakika. Mwafrika akalipwa bei ya chini kwa nafaka ile ile. Mwaka 1943 posho ilitolewa kwa kipimo mjini Nairobi, na kibarua wa Pumwani au Shauri Moyo alikula alichopimiwa. Wakikuyu waliupa wakati huo jina la Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo.

Yawezekana wadhani ya kuwa vita vilipokwisha sheria nayo ilikwisha. La. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na kibali kikabaki. Mwaka 1965 mahindi yakapungua tena, Serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani, na tume ikaketi mwaka 1966 kuchunguza mambo hayo. Hata hivyo kibali kikabaki. Yafaa tuwatendee haki waliokilinda: waliogopa walanguzi, nao walitaka mkulima wa mbali apate bei sawa na wa karibu.

Lakini fikiri jinsi mambo yalivyokuwa. Mama mwenye shamba dogo amejaza ghala lake, na mwanawe yuko Makadara pamoja na watoto wanaolala na njaa. Kiasi kidogo tu chaweza kuvuka mpaka wa wilaya bila karatasi. Kikizidi hapo, ni magendo. Njiani pana vizuizi, na askari wa kizuizini mara nyingi alitaka chake. Hivyo mahindi yalikuwa rahisi shambani na ghali mjini, na tofauti ya bei hiyo haikumnufaisha mama wala mwana. Kwa kuwa nafaka yenyewe ilikuwa adimu mjini, maskini alinunua unga uliokobolewa wa viwanda vikubwa.

Mwishoni mwa mwaka 1993 vizuizi viliondolewa. Wakati huohuo Serikali iliacha kupunguza bei ya unga wa viwandani, na wengi walitazamia kilio katika mitaa ya Eastlands. Badala yake mashine za posho ziliongezeka. Watu wakanunua mahindi kwa debe, wakasaga wenyewe, wakapata unga wa bei nafuu zaidi, tena wenye lishe zaidi kwa kuwa haukukobolewa.

Si mazao yote yaliyopata njia. Mkulima wa mishiri alikuta shida ya mnunuzi wa Ulaya, ambaye hukataa mshiri uliopinda au uliozidi urefu. Tarehe 19 Februari 1913 ingekuwa hadithi, lakini ilikuwa 2013: Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliwakaribisha wajumbe wake hapa Nairobi kwa chakula kilichopikwa kwa mazao yaliyokataliwa namna hiyo. Kilo 1,600 hivi zilikusanywa kwa wakulima wa Kenya, na sehemu yake ikapewa vyama vya hisani. Siku hizi chama kiitwacho Food Banking Kenya huyafuata mazao ya ziada mashambani na kuyapeleka kwenye shule na makao ya watoto. Sheria haikizuii. Kinachotakiwa ni mikono ya kuvuna, lori, na mafuta ya kulifikisha mjini kabla mboga hazijanyauka.