Chukudu ndogo za mti: namna ya kupaka rangi ya fedha ingae kama chuma

Pale Mubambiro, kwenye barabara ya Goma–Sake, hakuna asiyeijua chukudu. Kule Goma imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu, na mafundi wanachonga chukudu ndogo za kuuzia wageni. Kinachowashinda wengi ni rangi ya fedha: wanapaka, ikikauka inakuwa kijivu kama majivu.

Rangi hiyo haina fedha ndani. Ina vipande vidogo sana vya aluminiyo, bapa kama magamba ya samaki. Ile ya dhahabu mara nyingi ni unga wa shaba na zinki. Magamba yakilala sawasawa, mwanga unarudi kwa pamoja na jicho linaona chuma. Yakisimama ovyo, mwanga unatawanyika.

Njo maana kazi kubwa iko kwa mti, si kwa rangi. Piga msasa mukali, kisha mulaini, futa vumbi, paka rangi nyeusi yenye kungaa na uache ikauke usiku muzima. Nyuzi za mti zikiinuka, piga msasa tena, paka tena. Ndipo fedha inafuata: nyembamba sana, mara mbili ao tatu. Koroga kila mara, maana aluminiyo inashuka chini ya mukebe. Kwa rangi ya kupuliza, simama kama sentimita 20 ao 25, mahali penye hewa, mbali na makala ya moto. Verni ya juu inaweza kupunguza mungao, basi jaribu kwanza kwa kipande cha mti.

Usipake chukudu nzima, itafanana na sufuria! Fedha iwe kwa buloni, resori na vyuma vya gurudumu tu. Mti ubaki mti.

Kuna watoto wanaotafuta chuma cha kweli mashambani ili kupamba magari yao. Kisha mapigano ya 2024 na Januari 2025 kando ya Sake, chuma usichokijua kinaweza kuwa bomu ambalo halijalipuka, hata likiwa na kutu, hata likiwa dogo kama embe. Usiliguse, usilirushie jiwe. Rudia njia uliyokuja nayo, kataza wengine kupita, ambia chefu wa kijiji. Kwa gurudumu la chukudu ndogo, mukebe wa sardini unatosha. Pinda ncha zake kwanza, zinakata vidole.