Piano ya Kale na Pembe za Ndovu

Parokia ikirithi piano ya zamani yenye kasha la nakshi, vinara vya mishumaa na vibonye vilivyogeuka rangi ya manjano, isiiuze wala kuipaka rangi kabla ya kuifahamu. Kwetu Korogwe na Handeni jambo hili linagusa zaidi ya muziki.

Katika karne ya 19, vibonye vyeupe vya piano vilivikwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Wapagazi, wengine kwa ujira na wengine watumwa, walizibeba pembe hizo kutoka bara, wakifuata bonde la mto Ruvu hadi mji wa Pangani, kisha zikavushwa kwa majahazi hadi Unguja. Semboja, mtawala wa Kikilindi, aliweka makao yake Mazinde kwa sababu misafara ilipita hapo. Kutoka Unguja wafanyabiashara wa Marekani walizipeleka Connecticut, katika viwanda vya Deep River na Ivoryton, mji uliopata jina lake kutokana na pembe hizo. Basi piano iliyokuja kwa treni baada ya reli kufika Korogwe mwaka 1902 huenda ilirudi na kile kilichoondoka hapa mabegani mwa watu. Mimi naona historia hiyo yastahili kuandikwa katika daftari la parokia, hata kama piano hailii tena.

Pembe hutambulikana kwa mistari myembamba kama ya mbao, na kwa kiungo chembamba pale sehemu pana ya kibonye inapokutana na ile nyembamba. Plastiki ya kale kwa kawaida ni kipande kimoja. Kisha hesabuni vibonye: piano nyingi za karne ya 19 zina 85, si 88. Inueni kifuniko cha juu mtafute namba ya kiwanda, ambayo pamoja na jina la mtengenezaji huonyesha mwaka wa kutengenezwa.

Adui wa kasha ni mchwa na unyevu, unaolegeza gundi. Msilikwangue kwa msasa, maana ubao wa nakshi ni ngozi nyembamba tu iliyobandikwa. Nyuzi msizikaze wenyewe: kwa pamoja huvuta kwa uzito wa tani 15 au zaidi, na fremu yenye ufa huweza kuvunjika. Mwiteni fundi.

Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989; kabla ya kuuza au kusafirisha kibonye chochote, ofisi ya wanyamapori iulizwe. Nalo Kanisa lina sheria yake. Kanuni ya 1283 yadai orodha ya mali zenye thamani ya kiutamaduni, na kanuni ya 1292 yadai ruhusa ya Kiti Kitakatifu kabla ya kuhamisha umiliki wa kitu chenye thamani kwa sanaa au historia. Kwa hiyo Halmashauri ya Walei ikileta mnunuzi, Paroko amwandikie Askofu kwanza, akiambatanisha picha na namba ya kiwanda.