Akiba ya nyota wa soka ya Uingereza ilivyoyeyuka katika mipango ya filamu

DAKIKA za ziada zilikuwa zikiyoyoma uwanjani Anfield mnamo Mei 26, 1989, pale kiungo Michael Thomas alipoipenya ngome ya Liverpool na kumwacha kipa Bruce Grobbelaar akigaagaa. Bao hilo liliipa Arsenal ushindi wa 2-0 na taji la ligi. Timu hizo mbili zilikuwa zimelingana kwa pointi na hata kwa tofauti ya mabao. Arsenal walitawazwa kwa sababu tu walikuwa wamefunga mengi zaidi msimu huo. Hadi leo wako mashabiki wa humu nchini wanaoweza kulisimulia bao hilo hatua kwa hatua.

Miaka 36 baadaye Thomas alijitokeza tena hadharani, lakini si kwa habari za mabao. Mnamo Septemba 2025, shirika la BBC lilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu wanasoka wastaafu 11 wanaojiita V11, ambao wanasema akiba ya maisha yao ilipotea kutokana na ushauri mbaya wa kifedha waliopewa katika miaka ya 1990 na 2000.

Majina ya baadhi yao ni makubwa. Yumo Brian Deane, aliyefunga bao la kwanza kabisa katika historia ya Ligi Kuu ya Uingereza, Agosti 15, 1992, Sheffield United walipoilaza Manchester United 2-1. Yumo Rod Wallace, aliyekuwa katika kikosi cha Leeds United kilichotwaa ubingwa mwaka huo huo wa 1992 kabla ya kuhamia Rangers ya Scotland. Yumo pia Danny Murphy, kiungo wa Liverpool iliyotwaa mataji matatu ya vikombe mnamo 2001, ambaye amesema alipoteza takriban pauni milioni 5.

Msomaji atajiuliza: mtu aliyelipwa mamilioni hufikaje mahali pa kudaiwa hata nyumba anayoishi? Jibu la haraka hutolewa na watu wengi vijiweni, kwamba wachezaji ni watu wa anasa, magari na kamari. Wapo wa namna hiyo, na si wachache. Lakini kisa cha V11 ni cha watu waliofanya kile hasa ambacho wazazi huwausia watoto wao: waliweka akiba.

Fedha zilivyoingia

Kwa muda mrefu, mwanasoka wa Uingereza hakuwa na fedha za kupotezwa na mtu. Hadi Januari 1961 mshahara ulikuwa na kikomo cha pauni 20 kwa wiki. Kikomo hicho kilipoondolewa baada ya chama cha wachezaji, PFA, kutishia mgomo, Johnny Haynes wa Fulham akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa wiki, na nchi nzima ikashangaa.

Mageuzi makubwa yalikuja kwa mikupuo miwili. Mnamo 1992 Ligi Kuu iliundwa na fedha za televisheni ya Sky zikaanza kumiminika. Kisha, Desemba 15, 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatoa hukumu katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, iliyomruhusu mchezaji aliyemaliza mkataba kuhama bila klabu yake kulipwa ada. Fedha ambazo zamani zilikwenda kwa klabu sasa ziliingia katika mishahara.

Matokeo yake ni kwamba vijana wa miaka 22 au 23, wengi wao wakiwa wameacha masomo wakiwa na umri wa miaka 16, walijikuta na mapato ambayo wazazi wao hawakuwahi kuyaota. Walijua pia kwamba mapato hayo yangekatika ghafla, pengine kabla hawajatimiza miaka 35. Ndipo wakaingia washauri wa fedha. Mara nyingi mshauri aliletwa na meneja, wakala au mchezaji mwenzake, akapitishwa katika chumba cha kubadilishia nguo, na kuaminiwa kwa sababu fulani na fulani tayari walikuwa wateja wake. Chumba hicho kina sheria yake: wakubwa wakisema jambo ni jema, wadogo hawaulizi.

Filamu zilivyogeuzwa mtego

Sehemu kubwa ya masaibu ya wachezaji hawa ilizaliwa na sheria iliyotungwa kwa nia njema. Serikali ya Uingereza ilitaka kufufua sekta ya filamu nchini humo. Sheria ya mwaka 1992 iliruhusu gharama za kutengeneza au kununua filamu ya Uingereza zikatwe katika hesabu za ushuru kwa haraka kuliko kawaida. Mnamo 1997, Waziri wa Fedha Gordon Brown alikwenda mbali zaidi: kwa filamu ambayo bajeti yake haikuzidi pauni milioni 15, gharama yote ingeweza kukatwa mara moja.

Mabingwa wa hesabu waliitazama sheria hiyo na kuona mlango. Waliunda ubia wa matajiri, ubia huo ukanunua filamu na papo hapo kuikodisha kwa wenye kuitengeneza kwa kipindi cha hadi miaka 15. Mwaka wa kwanza, vitabu vya ubia vilionyesha hasara kubwa. Kila mshirika alichukua fungu lake la hasara hiyo na kuliondoa katika mapato yake mengine, yaani mshahara wake wa soka, kisha akadai kurudishiwa ushuru aliokwisha kukatwa.

Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Tuseme mchezaji anajiunga kwa fungu la pauni 500,000. Anatoa 100,000 mfukoni mwake, na 400,000 zinatoka benki kwa mkopo ulioandaliwa na wenye mpango. Kwa kuwa kiwango cha juu cha ushuru wa mapato wakati huo kilikuwa asilimia 40, hasara ya pauni 500,000 inamrudishia pauni 200,000 kutoka serikalini. Ametoa laki moja, amepokea mbili, na filamu yenyewe huenda hata hajaiona. Ni nani angekataa?

Lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyofichika nyuma ya furaha hiyo. La kwanza ni kwamba ushuru haukuwa umefutwa, ulikuwa umeahirishwa. Kodi ya filamu iliyolipwa mwaka baada ya mwaka ilikwenda moja kwa moja benki kulipa ule mkopo, ilhali machoni pa sheria hayo yalikuwa mapato ya mshirika na alipaswa kuyalipia ushuru. Yaani mtu alitozwa ushuru kwa fedha ambazo hakuwahi kuzigusa. Akiwa bado uwanjani na mshahara wake, angeweza kuumudu. Miaka 10 baadaye, akiwa ameangika daluga na hana kazi, bili ziliendelea kuja.

La pili lilikuwa baya zaidi. Ikiwa idara ya ushuru ingeukataa mpango mzima kwa hoja kwamba haukuwa biashara ya kweli, mshirika angetakiwa kurudisha zile pauni 200,000 pamoja na riba ya miaka yote. Na kwa kuwa zile 200,000 mara nyingi zilikuwa zimeshaelekezwa katika mpango mwingine, iwe filamu nyingine au nyumba za ng'ambo ambazo bei zake ziliporomoka katika msukosuko wa kifedha wa 2008, hakukuwa na kitu cha kurudisha.

Serikali yafunga mlango

Serikali ilianza kuuziba ufa hatua kwa hatua. Kanuni za Februari 10, 2004, ziliwabana washirika waliokuwa wakitumia muda usiofika saa 10 kwa wiki katika biashara ya ubia wao. Mchezaji anayefanya mazoezi asubuhi na kusafiri kila wikendi angezipata wapi saa 10 za kushughulikia filamu? Mnamo 2007, nafuu ya zamani ilikuwa imeondolewa na badala yake ukawekwa utaratibu unaowanufaisha watengenezaji wa filamu wenyewe.

Kesi iliyotikisa wengi ni ya ubia ulioitwa Eclipse 35. Washirika wake 289 walikusanya pauni milioni 840 kwa ajili ya haki za filamu za kampuni ya Disney; milioni 790 kati ya hizo zilikuwa mkopo. Muundo wake ulitofautiana na ule wa mfano wetu, lakini swali lilikuwa lile lile: je, hii ni biashara? Mnamo Februari 2015 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba haikuwa biashara, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuingilia. Magazeti ya Uingereza yaliwataja makocha Sir Alex Ferguson na Sven-Göran Eriksson miongoni mwa waliowekeza katika mipango ya Eclipse. Ikiwa wazee waliokomaa kiasi hicho waliweza kuingia, itakuwa dhuluma kuwacheka vijana wa miaka 24.

Kufikia wakati huo idara ya ushuru, HMRC, ilikuwa na silaha mpya. Sheria ya Fedha ya 2014 iliipa mamlaka ya kumtaka mtu alipe ushuru unaozozaniwa katika muda wa siku 90, hata kama kesi haijaamuliwa. Kwa mchezaji mstaafu, barua hiyo ilikuwa kama hukumu. Wengine waliuza nyumba, wengine wakatangazwa muflisi.

Kwa nini hawakulindwa

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko, na panastahili kuangaliwa kwa makini. Uingereza ina mfumo wa kusimamia washauri wa fedha, ina mpatanishi wa malalamiko ya wateja na ina mfuko wa fidia. Hata hivyo, kinga hizo hazikufika kila mahali. Mipango mingi ya aina hii haikuwa bidhaa zinazosimamiwa kama zilivyo akaunti za benki au pensheni. Iliruhusiwa kuuzwa kwa watu waliotia sahihi fomu kukiri kwamba wao ni matajiri au ni wawekezaji wenye ujuzi. Tangu 2001, kuwa na mapato ya pauni 100,000 kwa mwaka kulitosha kumfanya mtu ahesabiwe tajiri. Karibu kila mchezaji wa Ligi Kuu alikipita kiwango hicho kwa mbali. Fomu haikumuuliza kama anaelewa alichokuwa akinunua.

Isitoshe, hadi mwisho wa 2012 washauri wa fedha nchini humo waliruhusiwa kulipwa kamisheni na wenye bidhaa walizowauzia wateja wao. Mshauri aliyemwambia kijana aweke fedha zake benki na kuziacha zitulie hakupata chochote. Aliyempeleka katika mpango baada ya mpango alilipwa kila mara.

Muda nao uliwageukia wachezaji. Sheria ya Uingereza humpa mlalamishi miaka sita kushtaki kwa uzembe au kuvunja mkataba, na miaka mitatu zaidi tangu alipogundua madhara, lakini kwa madai ya uzembe kuna ukuta wa miaka 15 usiovukika. Mizozo ya ushuru hujikokota. Mchezaji aliyewekeza mwaka 1999 na kuletewa bili iliyomzindua mwaka 2015 alikuta mlango wa mahakama umeshafungwa.

Takwimu zinazobishaniwa

Ukubwa wa tatizo haujulikani kwa uhakika. Mnamo 2013 shirika la hisani la XPRO, linalowasaidia wanasoka wastaafu, lilidai kwamba wachezaji watatu kati ya kila watano wa Ligi Kuu hufilisika katika miaka mitano baada ya kustaafu. PFA ilizipinga takwimu hizo na kusema zimetiwa chumvi. Ni vyema pia kukumbuka kwamba si kila muflisi alipotoshwa na mshauri. Kipa Brad Friedel alifilisika mwaka 2011 kutokana na akademia ya soka aliyoianzisha kwao Marekani, jambo lisilohusiana kabisa na filamu.

Wala Uingereza si pekee. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, serikali iliwapa nafuu nono ya ushuru watu walionunua au kujenga nyumba upande wa mashariki. Wachezaji wa Bundesliga walikuwa miongoni mwa walioshawishiwa kununua nyumba kwa mikopo, baadhi katika miji ambayo wakazi wake walikuwa wakihamia magharibi. Nafuu ilipatikana mwaka wa kwanza. Wapangaji hawakupatikana, na mkopo ukabaki. Ni hesabu ile ile, filamu ikiwa imebadilishwa kwa matofali.

V11 walipofikia

Malalamiko ya kundi la V11 yalifika kwa polisi wa London ya kati, City of London Police, wanaoshughulikia ulaghai wa kifedha. Uchunguzi ulifanywa na ukafungwa bila mtu yeyote kushtakiwa. Wakurugenzi wa kampuni iliyowashauri wachezaji hao wamekana kufanya kosa lolote.

Hali hiyo imewaacha wanasoka hao katika utata wa ajabu. Polisi waliwachukulia kama waathiriwa wa uhalifu, lakini kwa idara ya ushuru wao ni wadeni kama wadeni wengine, kwa kuwa sheria humtwika mlipa ushuru mwenyewe jukumu la fomu aliyoitia sahihi, hata kama ilijazwa na mtu mwingine. Wanachodai sasa ni kwamba sheria imtambue mtu aliyepotoshwa na isimdai ushuru utokanao na mpango uliomwibia. Baadhi yao wamesimulia jinsi walivyoficha habari hizi kwa miaka mingi, hata kwa jamaa zao, kwa aibu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyepumbazwa. Walianza kukusanyika pale mmoja alipothubutu kumpigia simu mwenzake na kumuuliza kama naye amepokea barua.